Kusoma Wote, Kuandika Mmoja

Jumatatu, 29 Mei 2006. Chuno, Mtwara.

Leo nimeanza kazi tena, miaka minne baada ya kustaafu. Nimefundisha Kiswahili kwa miaka thelathini na minne, ishirini kati yake katika chuo cha ualimu, na sikutarajia kuajiriwa na mkorosho. Mradi una vyumba vitatu nyuma ya ghala la magunia. Mratibu, Bwana Kassimu, alikuwa mwanafunzi wangu. Ameniomba nisanifu maandishi ya mwongozo wa kupulizia dawa ya ubwiriunga, ule ugonjwa unaoyapaka maua ya mkorosho unga mweupe mpaka yanakauka. Mwongozo hautakuwa kitabu. Utatolewa karatasi moja moja kabla ya kila duru ya kupulizia, duru nne hadi Septemba, na kupelekwa vijiji vya bonde la Ruvuma.

Nimenunua daftari hili ili niandike yanayotokea siku ileile yanapotokea. Kumbukumbu ya mtu humpendelea mwenyewe.

30 Mei.

Maandishi yote yamo ndani ya kompyuta iliyo chini ya meza ya Binti Anjum, mjukuu wa marehemu Mohsinali aliyekuwa na duka la vitambaa Mikindani. Amesomea mambo haya Dar es Salaam, na ana adabu. Amenieleza kuwa kompyuta hiyo ni kama ghala. Kila mfanyakazi huchukua nakala, huibadili mezani kwake, kisha huirudisha. Ghala hulipatia kila badiliko namba, jina la aliyelifanya, saa, na maelezo mafupi ya sababu.

"Na mtu akifuta?" nikamwuliza.

"Anafuta ya leo, Mwalimu. Ya jana yanabaki."

Ndani ya ghala mna makabrasha manne: Maandishi, ambayo ndiyo husomwa na wakulima, Vipimo, lenye majedwali ya wataalamu, Picha, na Ramani. Nimeuliza nani anaruhusiwa kubadili nini. Akanijibu kuwa yeyote anaweza kubadili chochote.

"Hata dereva anaweza kubadili sentensi yangu?"

"Akijua kuchapa, anaweza." Akacheka. Mimi sikucheka.

2 Juni.

Nimekutana na bwana shamba wa mradi, Josephu, kijana wa Newala. Aliingia na vumbi la pikipiki mpaka kwenye kope, akaanza kueleza jambo lake kabla hajamaliza kuamkia. Ameandika kwamba mkulima apime mililita kumi za dawa kwa lita moja ya maji.

"Nani ana chombo cha mililita kule kijijini Mahurunga?" nikamwuliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi unamwandikia nani?"

Akajikuna kichwa, akacheka. Mtu huyu hucheka kila anaposhindwa kujibu.

Jumapili, 4 Juni. Mahurunga.

Nimemtembelea mdogo wangu Tatu. Tangu mumewe afariki anaishi kwa mikorosho thelathini na minane aliyoachiwa, na muhogo kidogo. Hana kingine. Nilimwomba anionyeshe anavyopima dawa. Akafungua chupa, akamimina ndani ya kifuniko, akamwaga kwenye ndoo. "Kimoja, bismillahi. Viwili. Basi." Wote hupima hivyo. Nimebeba kifuniko kimoja kuja nacho mjini.

6 Juni.

Josephu amekipima kifuniko kwa bomba la sindano. Mililita tano kamili. Nimeandika: "Pima vifuniko viwili vya chupa ya dawa kwa kila lita moja ya maji." Mratibu ameisoma sentensi hiyo kwa sauti mbele ya wote. Hata Josephu amesema, "Hapo umetufunga bao, Mwalimu." Sikumbuki mara ya mwisho kazi yangu kusomwa kwa sauti.

9 Juni.

Ukungu mzito asubuhi. Baridi. Hali kama hii huulea ubwiriunga.

12 Juni.

Badiliko namba 187: Josephu ameingiza mililita zake ndani ya sentensi yangu, kati ya mabano. Badiliko namba 188: Yustina, mpiga chapa, amepunguza aya mbili, na maelezo yake ni "ili ienee ukurasa mmoja". Nimerudisha yote.

13 Juni.

Wamebadili tena. Nimerudisha tena.

15 Juni.

Mara tatu kwa siku moja.

Ijumaa, 16 Juni.

Karatasi ya duru ya kwanza imetoka bila aya inayomwagiza mkulima afunge kitambaa puani na mdomoni wakati wa kupulizia. Nilikuwa nimeiandika. Kati ya marekebisho ya asubuhi na ya mchana mtu aliiondoa ili picha ya jani iwe kubwa zaidi. Ghala linaonyesha kuwa ni Yustina. Yustina anasema Josephu ndiye aliyemwambia picha ni ndogo. Josephu anasema hakumwambia afute aya. Watu mia nane wataivuta dawa hiyo kifuani, na hapa kila mmoja anamtazama mwenzake.

17 Juni.

Nimekwenda kwa Mratibu na rasimu ya vifungu sita. Kifungu cha kwanza kinasema kila kabrasha litakuwa na mwenyewe, na huyo peke yake ndiye atakayelibadili. Cha tatu kinasema anayetaka badiliko katika kabrasha la mwenzake ataomba kwa maandishi. Cha tano kinamzuia mtunza kompyuta kufungua kabrasha bila idhini ya mwenyewe. Maandishi ni langu. Vipimo ni la Josephu. Picha ni la Yustina. Ramani ni la Mratibu. Wote wametia saini.

Nilikaa karibu na Anjum wakati akiweka zuio. Ni faili dogo tu, mistari michache: kabrasha hili, mtu huyu.

"Kusoma je?" akaniuliza.

"Kusoma wote. Kuandika mmoja."

Akachapa. Kisha akageuka. "Mwalimu, na ukiugua?"

"Sijaugua tangu mwaka wa tisini na nane."

"Na ukikosea?"

Nilimwambia kuwa kwa miaka thelathini na minne kazi yangu ilikuwa kusahihisha makosa ya watu wengine. Akamaliza kuchapa.

Josephu alijaribu hapohapo kubadili mstari mmoja wa kabrasha langu, aone. Kompyuta ikamkatalia kwa Kiingereza. "Haya," akasema, "sasa pamekuwa mpakani Kilambo hapa. Bila muhuri wa Mwalimu huvuki mto." Wakacheka wote, na Mratibu pia. Acha wacheke. Karatasi ya pili haitatoka na tundu.

19 Juni.

Hakuna aliyegusa.

20 Juni.

Hakuna aliyegusa.

22 Juni.

Umeme umekatika tangu asubuhi. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne.

26 Juni.

Imefika shehena mpya ya dawa kwa ajili ya duru ya pili. Maboksi yamepangwa ukumbini mpaka dirishani. Yustina amejikwaa na kunilaumu mimi. Chupa za safari hii ni za kijani. Zile za kwanza zilikuwa nyeupe.

29 Juni.

Kazi ya kimya. Nimesanifu karatasi ya pili yote. Ninajua wananiita Afisa Forodha ninapokuwa nje. Nilimsikia Yustina.

Jumatatu, 3 Julai.

Josephu amejaribu kubadili sentensi ya vifuniko. Nilijua kwa sababu alipiga meza. Kisha akaja mlangoni pangu.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba unifungulie kidogo."

"Marahaba. Nifungue nini?"

"Ile sentensi ya vifuniko. Irudi kwenye mililita, au basi iandikwe kifuniko kimoja. Maana vifuniko vya..."

"Nilijua," nikamkatiza. "Hukuipenda tangu siku ya kwanza."

"Si suala la kupenda, mzee wangu. Chupa..."

"Kifungu cha tatu kinasemaje?"

"Maombi kwa maandishi."

"Una saini yako pale."

"Mwalimu, ni neno moja!"

"Basi halitakuchukua muda kuliandika."

Akaondoka bila kuaga. Kijana aliyelelewa vizuri huaga hata akiwa na hasira.

4 Julai.

Nimepokea maombi ya Josephu. Ameyaandika kwa kalamu ya wino hafifu juu ya kipande cha boksi la dawa alichokichana kwa mkono. Hakuna tarehe, hakuna mada, sentensi moja imekatika katikati. Nimekuta makosa kumi na moja. Nimeyatia wino mwekundu, nikaandika chini "Andika upya, kwa karatasi", nikamrudishia.

5 Julai.

Hakuandika upya.

6 Julai.

Josephu ameondoka alfajiri kwa pikipiki kwenda vijijini. Hakuna aliyemtuma.

Saa tano Anjum aliingia ofisini kwangu na kusimama. Nilimwambia aketi. Hakuketi.

"Mwalimu, Josephu alijaribu tena asubuhi kabla hajaondoka. Ni mara ya tatu. Uwezo wa kufungua ninao, lakini nimetia saini. Ukisema neno moja, nafungua sasa hivi, kisha nafunga."

"Nimemwelekeza aandike vizuri."

"Barua yake umeisoma?"

"Nimeisahihisha."

Alinitazama kwa muda. "Sikuuliza hivyo, Mwalimu."

Nilimwambia kuwa utaratibu unaovunjwa kwa ajili ya mtu mmoja mwenye haraka si utaratibu. Akasema sawa. Alitoka akaufunga mlango polepole sana, na nikaona ni afadhali angeubamiza.

7 Julai. Saba Saba.

Mapumziko.

Jumatatu, 10 Julai.

Karatasi ya duru ya pili imerudufiwa, nakala mia nane. Hakuna tundu, hakuna aya iliyopotea, hakuna mkono wa mtu mwingine. Nimeisoma mara mbili, na sikupata kosa hata moja.

12 Julai.

Ukungu.

15 Julai.

Josephu amerudi. Amekonda, na macho ni mekundu. Ameniamkia "Shikamoo" na kupita. Nimemsikia akimwambia Anjum kuwa alifika vijiji vitano, na kwamba wengine walimsikiliza, wengine hawakumsikiliza. Sikuuliza walisikiliza nini.

18 Julai.

Kazi ya kawaida.

21 Julai.

Kazi ya kawaida. Upepo umeanza kuwa mkavu.

Jumatatu, 24 Julai.

Zimeanza kufika habari kuwa maua yanaungua. Si ubwiriunga. Yanakuwa ya kahawia kwenye ncha, yanajikunja, yanaanguka. Mratibu anashika simu kutwa. Nimemwambia kuwa baridi ya mwaka huu si ya kawaida. Josephu alikuwa amesimama pale. Alinitazama, akachukua kofia yake ya pikipiki, akatoka.

26 Julai.

Imetajwa Mahurunga.

Jumapili, 30 Julai. Mahurunga.

Ninaandika haya nikiwa bado barazani kwa Tatu, kwa sababu nikiyaacha mpaka kesho nitayapunguza.

Nilifika saa nne. Hakuwapo nyumbani. Nilimkuta shambani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anafagia maua makavu kwa fimbo kama mtu anayechokora jivu. Ardhi chini ya mikorosho yote ilikuwa ya kahawia. Nilihesabu miti mpaka wa ishirini na mmoja nikaacha, kwa maana yote ilikuwa sawa.

"Karibu, kaka," akasema. "Umekuja kuona?"

"Nimekuja kuona."

"Haya, ona."

Nilimwuliza alipulizia lini. Akasema tarehe kumi na tatu, siku mbili baada ya karatasi kufika. Nikamwuliza alipima vipi. Akasimama, akaenda mpaka kibandani, akarudi na karatasi yangu. Alikuwa ameitia ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma neno kwa neno kama nilivyomfundisha zamani kwenye mchanga wa uani kwa baba: pima vifuniko viwili vya chupa ya dawa.

"Nikapima viwili," akasema. "Kama ulivyoandika."

"Chupa iko wapi?"

Aliileta. Ya kijani. Akaleta na ile nyeupe ya duru ya kwanza, ambayo sasa anatilia mafuta ya taa. Nilivitazama vifuniko viwili hivyo mkononi mwake na nikaelewa kabla hajafanya lolote, lakini Tatu hakunihurumia. Alikijaza maji kifuniko cha kijani, akamimina katika cheupe. Kikajaa. Akamwaga, akamimina tena. Kikajaa tena, na katika kile cha kijani yakabaki matone.

Kifuniko kimoja cha chupa mpya ni viwili vya chupa ya zamani. Nimewaagiza watu mia nane watie dawa maradufu.

"Bwana shamba hakupita?" nikamwuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Yule wa pikipiki? Alipita. Siku mbili tatu kabla ya karatasi, kisha akarudi tena siku ileile ilipofika. Akasema, 'Mama, usifuate karatasi, tia kimoja tu, chupa hizi zimebadilika.' Nikamwambia, 'Wewe kijana, karatasi hii ameiandika kaka yangu. Kaka yangu hakosei.' Akasema, 'Mama, nakuomba.' Akapiga na magoti, pale. Nikamwambia aondoke shambani kwangu."

Akakaa tena juu ya ndoo.

"Unaliona shamba la Rukia?" Akaelekeza fimbo ng'ambo ya kijia. Mikorosho ya jirani yake imejaa maua, meupe na mekundu, na nyuki wanasikika kutoka huku. "Rukia hajui hata alifu. Karatasi alipewa, akafungia chumvi. Akamsikiliza yule kijana kwa kuwa hana wa kumsomea. Na Amina vivyo hivyo, na yule mzee wa kisimani. Wasiojua kusoma wote wamepona, kaka. Mimi ulinifundisha kusoma wewe."

Hakuisema kwa hasira. Alikuwa anapiga hesabu ya jambo, akaifikisha mwisho wake.

Nilichukua fagio nikamsaidia kukusanya maua. Alisema niache, kwa kuwa sijui kufagia shamba, ninayasukuma tu. Ni kweli.

31 Julai.

Yameharibika mashamba ya watu mia moja na arobaini na zaidi. Wakubwa wa mradi wanakuja Jumatano kuuliza nani alikosea. Mratibu aliniita peke yangu na kufunga mlango.

"Mwalimu wangu, wewe usiwe na wasiwasi. Vipimo ni kazi ya bwana shamba. Wewe uliandika ulichopewa."

Nilinyamaza.

"Au siyo?" akasema.

Nikasema nitalifikiria, nikatoka. Naliandika hili wazi. Nilipewa mlango wa kutokea, na nilisimama mbele yake mchana kutwa nikiutazama. Saa kumi niliondoka nyumbani kwangu kwenda msikitini, nikapita ofisi, pikipiki ya Josephu ilikuwa nje, naye amelala juu yake kifudifudi mikono imening'inia. Sikumwamsha.

1 Agosti.

Nimekwenda kwa Anjum nikamwomba anionyeshe mabadiliko ambayo Josephu alijaribu kuyafanya.

"Ghala halikuyapokea, Mwalimu, kwa hiyo hayamo. Lakini mlango huandika waliobisha hodi."

Alichapisha nusu ukurasa. Ni mistari mitatu. Tarehe 3 Julai, saa tatu na dakika kumi: Josephu, Maandishi, imekataliwa. Tarehe 4, imekataliwa. Tarehe 6, saa kumi na moja na nusu alfajiri, imekataliwa. Pembeni ya kila mstari yapo maelezo aliyoyachapa yeye. Ya mwisho ni haya: "chupa mpya kifuniko kikubwa mara mbili, kimoja kinatosha, maua yataungua, tafadhali sana".

Nimesahihisha insha zisizo na idadi. Sijapata kusoma sentensi iliyo wazi zaidi ya hiyo.

"Uliyasoma haya siku ile?" nikamwuliza Anjum.

"Nilisoma. Ndiyo maana nilikuja kwako."

"Kwa nini hukuniambia yaliyomo?"

"Nilikuuliza kama umesoma barua." Akainamisha kichwa. "Na mimi nilikuogopa, Mwalimu. Wote tulikuogopa. Josephu peke yake ndiye hakukuogopa, naye ulimfungia."

2 Agosti.

Wakubwa wamekuja. Walipouliza kuhusu kipimo, Mratibu alimtazama Josephu. Nilisimama kabla Josephu hajajibu, nikaweka ile nusu ukurasa mezani, nikasema sentensi ni yangu, zuio ni langu, na bwana shamba alinionya mara tatu nikamrudishia onyo lake likiwa na wino mwekundu. Mmoja akauliza kama nina ushahidi. Nikamwambia ushahidi ndio huo, na kile kipande cha boksi, ikiwa Josephu bado anacho.

Alikuwa nacho. Alikitoa kwenye mfuko wa shati. Kilipita mkono kwa mkono mezani, na kila mtu alikisoma na kuelewa mara moja. Hakuna aliyetaja makosa kumi na moja.

3 Agosti.

Nimeibadili sentensi mwenyewe. Badiliko namba 241. Kwenye nafasi ya maelezo nimeandika: "Kifuniko kimoja cha chupa ya kijani, si viwili. Josephu alisema hivi tarehe 3 Julai. Nilimkatalia bila kumsikiliza. Issa."

Anjum alisoma begani kwangu. "Mwalimu, haya hayafutiki."

"Uliniambia siku ya kwanza."

Kisha nikamtafuta Josephu ukumbini ili nimwombe radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Alinisikiliza mpaka mwisho, kofia ya pikipiki mkononi.

"Ahsante, Mwalimu," akasema. "Lakini mimi sikutaka radhi. Nilitaka neno moja, mwezi uliopita."

Hakucheka.

8 Agosti. Nane Nane.

Mradi una banda kwenye maonyesho. Sikwenda.

14 Agosti.

Nilimwandikia Mratibu nikapendekeza zuio liondolewe, au kila kabrasha liwe na watu wawili, mmoja wao awe anayefika mashambani. Leo nimepata jibu. Kuanzia sasa makabrasha yote manne yatabadilishwa na Mratibu peke yake. Amenakili vifungu vyangu sita neno kwa neno, akabadili majina tu. Chini ameandika kuwa ni utaratibu bora uliobuniwa na Mwalimu Issa. Wakubwa wameupongeza.

21 Agosti.

Niliona kosa la tarehe kwenye karatasi ya tatu. Nilijaribu kulirekebisha. Kompyuta ikanikatalia kwa Kiingereza. Yustina aliona, akageukia dirishani.

22 Agosti.

Nimeomba kwa maandishi.

30 Agosti.

Bado sijajibiwa.

6 Septemba.

Karatasi ya tatu imetoka na kosa la tarehe.

15 Septemba.

Josephu ameomba uhamisho, amepata. Anakwenda Masasi. Aliwaaga wote chumba kwa chumba. Kwangu alisimama mlangoni, akasema, "Kwaheri, Mwalimu." Aliaga vizuri.

24 Septemba.

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa wiki. Sikuomba nyongeza.

Jumapili, 29 Oktoba. Mahurunga.

Nimekuja kumpa Tatu mkono wa Idi, nimechelewa siku kadhaa. Msimu umefika. Kijiji kizima kiko chini ya mikorosho, wanaokota, wanatenganisha korosho na mabibo, harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha imejaa njiani. Kwa Tatu kulikuwa kimya. Miti yake thelathini na minane imetoa ndoo mbili na nusu tu. Alikuwa akijifunga kanga kiunoni ili aende kuokota kibarua kwa Rukia.

Nilikuwa nimemletea karatasi kwa ajili ya mwakani. Si ya mradi. Nimeiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, nikachora chupa ya kijani na kifuniko kimoja pembeni. Nimeandika pia apime kwanza kifuniko cha chupa yoyote mpya kwa kifuniko cheupe cha zamani kabla ya kumimina. Niliitia ndani ya nailoni.

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama.

"Umeandika wewe?"

"Mwandiko ni wangu. Maneno ni ya Josephu."

Alifuata mstari wa kwanza kwa kidole, midomo ikicheza, kisha akaacha katikati. Akaiweka juu ya mtungi, akafunika kwa kata isipeperuke.

"Iache hapo, kaka," akasema. "Nitamwuliza Rukia kwanza."

Akachukua ndoo yake, akavuka kijia.